Namba za Mkono wa Kushoto

12 Januari

Nukta wangu,

Barua hii naitaka ikukute umeshakula na kulala, kwa mpangilio huohuo. Mimi sijambo. Magoti yanapiga kelele, lakini kwa kuwa siyasikii, hatugombani.

Kifurushi kimefika. Fundi viatu wa chini ndiye aliyekipokea. Alikipandisha ngazi zote tatu amekikumbatia kama mtoto mchanga, maana uliandika "kinavunjika" pande zote. Tukakifungua mezani. Akauliza, "Mzee, hii redio?" Nikamwambia, mimi ni mtu wa kuletewa redio? Miaka thelathini na moja kando ya mashine ya kuchapa, bosi aliyetuletea pamba za masikio alikuja mwaka ule niliostaafu. Simu nayo usiijaribu tena. Ile ya mwaka jana, kwa simu ya fundi, nilisikia "baba" na "mvua", katikati hamna kitu.

Karatasi ya maelekezo nimeisoma mara mbili, kwanza kama mgonjwa, kisha kama mpiga chapa. Ina makosa sita. Inasema nikae dakika tano nimetulia, nifunge mkanda mkono wa kushoto, na wakati wa kupima nisiongee na mtu, kwa sababu kuongea hupandisha presha. Hapo nilicheka peke yangu. Niongee na nani? Fundi alikuwa ameshashuka.

Namba ya kwanza ni 128 juu, 79 chini. Nimeiandika kwenye daftari kama ulivyoagiza. Kidonge changu kimoja cha asubuhi nakimeza. Mama yako hakupimwa hata siku moja. Alitoka kuanika nguo akiwa mzima, akarudishwa mdomo umekwenda upande, na siku ya nne kitanda kilikuwa changu peke yangu. Kwa hiyo sibishani na wewe kuhusu mashine.

Ila na wewe je, umeshajipima? Damu uliyonayo nusu ni yangu na nusu ni yake.

Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, nimechelewa. Kila Jumapili nilikuwa nasema leo, na kila Jumapili ilikuwa inakwisha nikiwa nimefua nguo tu.

Namba yako ni nzuri sana, nimefurahi. Endelea hivyohivyo na chumvi punguza. Hapa kazi ni ileile. Chumba chetu kina meza kumi na mbili na kila mmoja ana kompyuta yake. Tunafuatilia mioyo ya watu arobaini elfu, na kazi yangu ni kukagua namba zao zisiwe na makosa. Mchana kila mtu anakula akitazama kioo chake.

Msalimie fundi viatu.

Mwanao,
Nukta


11 Machi

Nukta wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma, na kwa kuwa ilikuwa fupi nikaisoma tena. Hujambo lakini? Hukusema. Watu arobaini elfu unajua mioyo yao inavyokwenda, wa kwako umeuficha wapi?

Mimi naendelea. Daftari nalo linaendelea. Jana ilikuwa 166 juu, 98 chini. Nakuandikia kwa sababu uliniambia nisikufiche kitu. Mengine ni ya kawaida. Bomba la jikoni linadondosha maji. Halinisumbui, naliona tu.

Baba yako


20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi na ninakujibu leoleo, nimeomba ruhusa ya nusu siku. Tafadhali soma hii yote mpaka mwisho.

Namba moja ya juu si lazima iwe ugonjwa. Inategemea umepimaje. Je, ulikuwa umetoka kupanda ngazi? Mkono ulikuwa unaning'inia? Mkono ukining'inia namba inapanda yenyewe, kuna utafiti umefanywa juu ya hilo tu, Baba, watu wameketi na mikono ikapimwa ikiwa mezani, ikiwa mapajani, ikiwa inaning'inia. Kwa hiyo: mgongo uegemee kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mkono uwe mezani usawa wa moyo, uwe umeshatoka chooni. Pima mara mbili, katikati upumzike dakika moja. Ukipata 180 au zaidi, au mdomo ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakakataa kutoka, usiniandikie mimi. Gonga sakafu kwa fimbo, fundi akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Jambo la pili, chumvi. Siku hizi kuna chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu badala ya sodiamu. Katika nchi moja waliwapa watu wa vijiji mia kadhaa, na baada ya miaka kama mitano waliokuwa wakiitumia walipata kiharusi kidogo kuliko wenzao. Lakini muulize kwanza muuguzi, maana haiwafai wenye figo dhaifu wala wanaomeza baadhi ya dawa za presha.

La tatu utanicheka. Kuna zoezi la kukaa bila kiti. Unaegemeza mgongo ukutani, unakunja magoti kama aliyeketi, unabaki hapo dakika mbili, unapumzika, unarudia, mara nne. Wamelinganisha mazoezi ya kila aina na hili likatoka mbele katika kushusha presha. Shikilia meza kwa mkono mmoja, magoti yako nayajua.

La nne, lala saa saba.

Nilipoiona ile 166 nilimwona mama na zile nguo. Nilikuwa nimekaa mezani kwangu na pembeni yangu kuna watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia. Nijibu haraka.

Mwanao,
Nukta


30 Machi

Nukta wangu,

Umenipa kurasa nne! Nilizisoma kwenye ngazi, sikusubiri kufika juu.

Sijambo kabisa. Nimepima kama ulivyosema, nyayo chini, mkono mezani juu ya kamusi ili ufike usawa wa moyo. Mara ya kwanza 133 juu, 82 chini. Mara ya pili 131 juu, 80 chini. Muuguzi wa zahanati, yule mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, amesema kwa umri wangu na kidonge kimoja hana ugomvi na mimi. Amepima figo pia, nazo zinafanya kazi kuliko mwenye nyumba. Kuhusu chumvi ameniambia nipunguze tu hii hii ya kawaida, ile nyingine haijafika dukani kwetu.

Zoezi nalifanya. Juzi fundi viatu aliingia kunirudishia kandambili akanikuta ukutani, nimeketi hewani, uso umeniiva. Akaziweka kandambili chini. Kisha akanisogelea sikioni akapaza sauti: "Mzee, viti vimekwenda wapi?" Nikamwambia ni utafiti. Sasa kila akipanda anaegemea ukuta upande wa pili, tunakaa hewani wawili.

Nawe umejipima? Hii ni mara ya tatu kuuliza.

Baba yako


4 Mei

Nukta,

Natumaini u mzima. Wiki tano ni nyingi, lakini najua mna kazi.

Sina habari ndefu. Leo 158 juu, 94 chini.

Baba yako


13 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na nisamehe tena. Barua ya Machi niliifurahia nikaiweka nijibu kwa utulivu, halafu utulivu haukuja. Hii ya jana imenikuta vibaya. 158! Umekosa kidonge? Umekula nini? Kuna maumivu kifuani, pumzi fupi, miguu kuvimba? Jibu kila swali, usiniandikie mizaha.

Na andika namba zote za daftari toka ulipoanza, pamoja na tarehe, unitumie.

Nimekulia chakula changu cha mchana ngazini leo ili nikuandikie. Nikuambie habari moja ya hapa. Watu wetu hawana majina, wana namba. Kuna mwanamke mmoja, 20417. Namfuatilia mwaka wa sita sasa. Ameacha sigara mara tatu, mara zote amerudi. Wiki iliyopita fomu yake imekuja: mwaka mzima hajavuta. Niligeuka nimwambie jirani yangu wa meza, akawa amevaa vitu vya masikioni. Basi nakuambia wewe.

Mwanao,
Nukta


22 Mei

Nukta wangu,

Hongera kwa 20417. Nimemwambia fundi viatu naye amefurahi. Ameuliza kama ameolewa.

Majibu: kidonge sijakosa, kifua hakiumi, pumzi ninayo, miguu haijavimba. Namba za daftari nimekunakilia karatasi ya nyuma, zote, kwa mwandiko wangu bora. Jana 160 juu, 95 chini. Usije ukaacha kazi kwa ajili yangu. Ila ukipata nafasi ya kuandika, andika. Hata habari za huyo jirani wa masikio.

Na mkono wako wa kushoto unasemaje? Umejibu maswali yote ya dunia isipokuwa hilo.

Baba yako


1 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia, nikaona nikuandikie kabla sijaacha.

Namba zako nimezichora. Nilichukua karatasi ya miraba, nikaweka tarehe chini na presha pembeni. Halafu nikaweka alama nyekundu siku ambazo barua zangu zilikufikia. Baba, kila alama nyekundu namba zinashuka, na zinakaa chini wiki mbili, tatu. Nikinyamaza zinaanza kupanda. Nilimwonyesha mkuu wangu wa kazi. Akatazama, akasema, "Mtu mmoja si utafiti." Nikamwambia huyo si mtu mmoja, ni baba yangu.

Jambo lenyewe si geni. Wamefuatilia watu wengi kwa miaka mingi, na wanaoishi peke yao bila wa kuzungumza naye wanapata magonjwa ya moyo na kiharusi kuliko wengine, hata ukiondoa sigara na uzito na mengine yote. Bado wanabishana ni kwa nini. Nimekagua namba za utafiti kama huo kwa mikono yangu, nikasahihisha koma zake, na sikukufikiria hata mara moja.

Nitaandika zaidi. Lakini barua si dawa. Chukua daftari, nenda kwa muuguzi, mwonyeshe kila ukurasa. Siku hizi wanaamini namba za nyumbani kuliko za zahanati, maana watu wengi wakiona koti jeupe presha inaruka. Niahidi kwamba utakwenda.

Mwanao,
Nukta


11 Juni

Nukta,

Nimekwenda. Nilifika mlangoni nikarudi, nikanunua mkate, nikaenda tena.

Muuguzi amelisoma daftari ukurasa kwa ukurasa kwa miwani ya puani, halafu kwa ya kichwani. Alinipima, akapata 129. Nikadhani mambo yameisha. Akasema, "Hapa umetulia, Mzee, lakini daftari lako linanitisha. Nyumbani ndiko unakoishi." Daktari akaitwa, naye akalisifu kwa usafi. Wameniongezea kidonge cha pili. Nimekimeza mbele yao, na maji wamenipa.

Lile la mchoro wako umelisema vizuri kupita kiasi. Usilie tena kwa ajili ya namba.

Baba yako


20 Juni

Baba,

Shikamoo. Afadhali. Siku hizi wanapendelea vidonge viwili vya nguvu ndogo kuliko kimoja cha nguvu nyingi, kwa hiyo usiogope. Siku za kwanza amka polepole: keti kitandani kwanza, kisha simama. Niambie namba mpya.

Nukta


2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata barua. Labda imechelewa njiani. 20417 bado hajavuta.

Nakuandikia tena hata kama hujajibu. Nilikuahidi.

Nukta


11 Julai

Baba,

Nimempigia fundi viatu. Nikauliza, baba yuko wapi? Akasema, "Yupo, anapumzika, mambo safi," kwa haraka, kama mtu anayesoma alichoandikiwa, halafu akakata. Nimepiga tena, haipokelewi.

Kama ni kiharusi mniambie. Nimeshaomba likizo, wamesema mwezi ujao. Mtu yeyote anayeweza kushika kalamu hapo aniandikie neno moja.

Mwanao


19 Julai

Nukta wangu,

Nipo. Si kiharusi. Nimelitanguliza hilo, salamu zitafuata.

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Barua hii imenichukua siku tatu. Fundi viatu alijitolea kuandika, nikakataa, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kumwandikisha jirani. Yale aliyokuambia kwenye simu nilimlazimisha mimi. Hawezi kusema uongo hata kidogo, anawaambia wateja viatu vyao vimekufa.

Tarehe kumi na saba Juni niliamka asubuhi, nikasimama kwa haraka kama kijana, chumba kikaanza kuzunguka. Nikaangukia kabati la vyombo. Fundi akasikia kishindo, akapanda na nyundo mkononi akidhani ni wezi. Mkono wa kulia umevunjika juu ya kiganja, umefungwa plasta. Hospitali walinipima nimelala, 104. Waliponisimamisha, 82. Damu ilikuwa haina nguvu ya kupanda mpaka kichwani.

Muuguzi wetu wa zahanati alikuja kuniona, akamtuma fundi alete kila kilichokuwa mezani: vidonge, daftari, na ile mashine. Akaishika mashine akabonyeza kitufe cha pembeni. Mimi miezi yote nilidhani ni cha taa. Kumbe kidude kinakumbuka, Nukta. Kinakumbuka kila namba, na siku, na saa. Akawa anabonyeza na kulinganisha na daftari. 129. 132. 127. 130. Alibonyeza mpaka mwisho. Akavua miwani zote mbili.

"Mzee," akasema, na alikuja karibu ili nisikosee kusikia, "mimi nimesoma miaka mitatu nijifunze kutibu watu. Leo nimetibu daftari."

Mimi niliyehifadhi prufu, zile nakala za kukagulia, za kila kazi niliyopiga chapa, sikufikiri kwamba mashine inaweza kuhifadhi za kwake.

Sasa sikiliza. Ile 166 ya Machi ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimepandisha sanduku la herufi za risasi nilizokuwa nikipangia chapa, kutoka stoo ya chini, nikajipima nikiwa bado nahema, mkono unaning'inia. Nilijua haina maana. Nilikuandikia tu. Ukanirudishia kurasa nne, zilizoandikwa siku ileile. Kabla ya hapo namba nzuri ilinipatia ukurasa nusu baada ya wiki saba. Nikajaribu tena namba nzuri, ile 131. Wiki tano, kimya. Nikaandika 158, nikapata jibu kabla wino wangu haujakauka. Mimi si msomi, lakini huo nao ni utafiti.

Kwa hiyo mchoro wako ni sahihi ila umeusoma kinyumenyume. Haikuwa presha iliyopanda ukinyamaza. Ni kalamu. Daftari lote nililijaza upya siku ile ulipoomba namba zote, nikakaa kutwa nzima nikizipanga ziwe na sura ya ukweli, maana najua unakagua. Hata nikaongeza namba mbili tatu zenye kasoro. Nilijisifu kidogo.

Na kidonge cha pili nilikimeza kwa sababu kukikataa kungekuwa kukiri. Nilipendelea kuanguka.

Siku uliyolia ndipo nilipopaswa kusema. Nilichukua kalamu nikaandika "Nukta, ule mchoro", nikakaa nikaitazama karatasi, kisha nikaikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza, unaoyumba. Bado ipo.

Nimerudishwa kwenye kidonge kimoja. Jana 130 juu, 80 chini. Unaweza usiamini. Mashine inaamini.

Baba yako


28 Julai

Baba,

Shikamoo.

Kazini kwangu mtu akiandika namba za uongo tunamwondoa kwenye utafiti. Jina lake linafutwa na hatumwiti tena. Nimekaa siku mbili natafuta jinsi ya kukuondoa, sijapata.

Nimekasirika. Ungevunja shingo, si mkono. Ningeletewa habari nikiwa hapa, nikisahihisha koma, na ningeishi nikijua nimekuua kwa ushauri mzuri. Usifanye tena. Sitaki hata mzaha juu yake.

Sasa ni zamu yangu. Kwa nini sikuandika namba zilipokuwa nzuri? Si kazi. Kazi inakwisha saa kumi na moja. Narudi chumbani. Kuna kitanda, jiko la mduara mmoja na dirisha linalotazama dirisha la mtu mwingine. Naketi na karatasi, naandika "Baba, shikamoo", halafu sina la kukuambia. Miaka sita hapa na sina la kukuambia! Niseme nini, kwamba wiki hii nimezungumza na mwenye duka mara mbili? Nilitaka nikuandikie siku nitakayokuwa na habari. Namba zako zilipoharibika nikapata cha kuandika. Maneno yalikuja yenyewe, kurasa nne. Presha yako ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu, Baba. Kwa hiyo hata mimi sikuwa nafurahi sana kwa zile nzuri. Nimeandika sentensi hiyo na sitaifuta.

Umeniuliza mara nne. Hapa kazini kuna mashine ukutani, bure, karibu na mlango wa kutokea. Nimepita mbele yake miaka sita. Najua kila namba inayoweza kutoka mkononi, na nilikuwa napita upande wa pili wa korido.

Juzi nimeketi. Nyayo chini, mkono mezani, dakika tano bila kuongea, na hiyo haikunipa shida. 152 juu, 97 chini. Nikapumzika nikarudia. 150 juu, 97 chini. Jana tena, 154 juu, 98 chini. Nina miaka thelathini na tisa.

Sijaziongeza. Natamani ningekuwa nimeziongeza.

Nukta


6 Agosti

Nukta wangu,

Barua imefika saa nne asubuhi, sasa ni saa nne na nusu. Sijapanda hata juu, naandikia kwenye kiti cha wateja wa fundi viatu, na gundi yake imeingia kwenye ukingo wa karatasi. Plasta imetolewa juzi. Mkono wa kulia umerudi mwembamba kama mgeni, lakini herufi zake unazikumbuka.

Kwanza namba zako. Nimezisoma mara nyingi nikitafuta makosa ya chapa. Hakuna. Kwa hiyo kesho, si Jumatatu, unakwenda kwa daktari. Utampelekea namba zote tatu, na utamwambia mama yako alikufa kwa nini na akiwa na umri gani, na kwamba baba yako anameza kidonge tangu akiwa na miaka hamsini. Akikupa dawa, meza. Akikuambia subiri mpime wiki nzima, pima wiki nzima, asubuhi na jioni, uandike zilivyo hata kama ni mbaya kuzitazama. Wewe ndiye uliyenifundisha. Na ukuta unao. Kaa hewani dakika mbili, mara nne. Huyo mwenye dirisha la pili akikuona, atakuwa na la kuuliza.

Pili, hilo la kukosa habari. Mtoto, nani kakudanganya kwamba mimi nataka habari? Niandikie mwenye duka alisema nini mara ya kwanza na alisema nini mara ya pili. Niandikie jiko lenyewe lina rangi gani. Mimi nimepanga herufi za watu maisha yangu yote, matangazo ya sabuni, ratiba, kadi za harusi za watu nisiowajua, na nilizisoma zote mpaka mwisho. Unadhani ya kwako itanichosha?

Tatu. Ile karatasi ya chini ya mguu wa meza nimeitoa. Meza sasa inayumba. Nimeiacha.

Nne, simu. Najua niliyosema. Lakini nimezungumza na fundi viatu na amekubali: kila Jumapili saa kumi jioni simu yake itakuwa mezani kwangu. Wewe piga. Sitasikia utakachosema, labda "baba", labda "mvua". Usijali, ongea tu, maliza yote, mambo ya jiko na ya 20417. Wewe ukinyamaza fundi atanigusa bega, nami nitaanza. Wewe masikio yako ni mazima, kwa hiyo angalau mmoja wetu atasikia.

Muuguzi hataki tena kuliona daftari langu. Amesema nimletee mashine yenyewe kila mwezi, yeye na kitufe chake. Nimemkubalia. Ila nitakuwa nimevaa ule mkanda mkono wa kushoto Jumapili hizo nikiongea na wewe, na nitabonyeza katikati ya maneno, makusudi, kinyume cha karatasi ya maelekezo. Zitatoka namba za juu. Akizikuta zimejipanga, zote Jumapili, zote saa kumi, na akavua miwani kuniuliza, nitamwambia aziache zilivyo, ni za kweli. Hapo nilikuwa naongea na mtu.

Baba yako